Chumba cha Mbele kwa Pointi Nne

Mume wangu ni fundi cherehani, na kwa maneno yake mwenyewe ndiye mwenye mbio kuliko wanaume wote wa Kamembe waliovuka miaka arobaini na mitano. Ushahidi wake ni mmoja tu: siku aliyomkimbiza mwizi wa simu kutoka sokoni hadi karibu na mpaka, akamkamata. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi kiasi kwamba naweza kuwasimulia wateja wake akiwa ameenda msalani. Zamani yule mwizi alikuwa baba wa makamo mwenye kitambi. Siku hizi ni kijana wa miaka ishirini, na kila Idi anapungua umri.

Mimi napika maandazi, sambusa na mikate. Wakati huo nilikuwa napikia nyuma ya nyumba, katika chumba kinachotazamana na ukuta wa jirani. Aliyetaka maandazi yangu ilimbidi kwanza ajue kwamba yapo, kisha apite uchochoroni, aruke beseni la mtu anayefua, ndipo apige hodi kwenye mlango wa bati. Waliojua walikuja, Mungu awalipe. Wasiojua walipita barabarani na njaa yao, mbele ya chumba cha mbele, ambamo mume wangu alikuwa ameketi na cherehani moja, meza moja, na suruali za watu ambao hawakuzifuata tangu mwaka juzi.

Nilikiomba chumba kile kwa adabu. Nilikiomba kwa hasira. Nilikiomba kwa kununa, na mara moja kwa pilau iliyopikwa siku ambayo haikuwa na sababu ya pilau. Jibu lilikuwa lile lile: "Tutaona." Pilau aliila yote.

Lakini kilichoniuma zaidi hakikuwa hiyo "tutaona". Ni namna alivyonitambulisha kwa wateja nilipopita na sinia: "Huyu njo bibi yangu, ananisaidia-saidia." Ananisaidia! Unga naununua mimi, alfajiri naukanda mimi, mafuta yananirukia mimi, na jikoni kwetu hakuna sufuria isiyojua kwamba imeletwa na maandazi yale. Hata hivyo yeye alikuwa anafanya kazi, mimi nilikuwa nasaidia. Nililimeza neno hilo kwa miaka, na siwezi kusema lilishuka.

Sasa, katika nyumba yetu yupo mpangaji, mwalimu wa michezo. Anafundisha sekondari upande wa Gashonga. Asubuhi pikipiki, ile tunayoiita moto, inampeleka, jioni inamrudisha na vumbi lake. Ni mtu mpole asiye na mke, kwa hiyo ni mlaji mkubwa wa maandazi. Jioni moja alikuja nyuma kwangu amechangamka, simu mkononi. Shuleni kwao walikuwa wamegombana juu ya mwanamichezo bora: ni msichana aliyeruka juu kuliko wenzake, au mvulana aliyeshinda mbio? Walimu waligawanyika, nusura washikane mashati. Yeye akawaamua kwa jedwali.

"Jedwali gani tena, Mwalimu?" nikamuuliza.

Akanieleza huku akitafuna. Duniani kuna watu wanaoshindana michezo mingi kwa siku mbili: leo kukimbia, kesho kurusha, kesho hiyo hiyo kuruka. Mwisho wa yote lazima apatikane mshindi mmoja, na huwezi kujumlisha sekunde na mita. Basi wataalamu wakakaa, wakatengeneza hesabu ambayo kila muda na kila umbali unageuzwa kuwa pointi. Ukikimbia mita mia kwa muda fulani, una pointi zako. Ukirusha tufe umbali fulani, una zako. Wanaume wana hesabu yao na wanawake wana yao, kulingana na uwezo wa kila upande, kwa hiyo ukipenda unaweza kumweka mwanamume na mwanamke kwenye mizani moja.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, uzi mdomoni. Akautoa ili acheke vizuri.

"Mwalimu, hiyo ni uongo. Miguu na jiwe, utavipima namna gani pamoja?"

"Mzee, si hapa kila siku bantu banabadilisha sambaza na muchele ya Bugarama? Ulishasikia muntu anauliza samaki na muchele vinafanana namna gani? Banauliza tu: kopo moja ya hii inaleta kopo ngapi ya ile."

Hapo mume wangu akaurudisha uzi mdomoni. Sisi ni watu wa mpakani. Tumezaliwa tunabadilisha kitu kwa kitu. Ukimwambia mtu wa Kamembe kwamba vitu viwili havilinganishwi, atakuona mgeni.

Nami nikauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi: "Na muke mwenye alikuwa anatupa tufe ku masomo, anaingia ku hiyo jedwali?"

Ni kweli, nilirusha tufe nikiwa msichana. Nilikuwa hodari. Mume wangu anajua, ila anaichukulia habari hiyo kama surua: jambo lililompata kila mtu utotoni na likapona.

"Anaingia, Maman," Mwalimu akasema.

"Basi, Papa batoto, tushindane. Weye mita mia, miye tufe. Mwenye atakuwa na pointi mingi achukue chumba ya mbele."

Jirani aliyekuwa anafua akaacha kufua. Huyo jirani, alichokisikia yeye kimeshasikika hadi Nyakabuye. Mume wangu alimtazama, akanitazama, akatazama dari ambayo hatuna. Hakuwa na njia. Mtu aliyemkimbiza mwizi hadi mpakani hawezi kumkimbia mkewe mbele ya watu.

"Sawa," akasema. "Lakini kisha usinililie."

Tukajipa muda hadi Jumapili ya siporo, ile asubuhi ambayo magari huzuiwa na watu wazima wote wa mji hutoka barabarani na raba zao, wakitembea haraka na kuita hilo mazoezi. Mume wangu alianza kujinoa siku iliyofuata. Baada ya sala ya alfajiri alipanda mbio mlima wa kuelekea uwanja wa ndege, na kurudi akichechemea. Nilipomuuliza kuhusu kuchechemea, alisema ndiyo mtindo.

Mimi nilifanya mazoezi uani. Mwalimu aliniletea tufe la kilo nne, akanikumbusha nilichokuwa nimesahau: kwamba nguvu hutoka kwenye mguu, mkono unamalizia tu. Nilivunja ndoo moja ya jirani, tukaelewana. Wakati wa kupumzika aliniongezea elimu. Aliniambia kwamba pointi hazipandi kwa namna moja kila mahali. Kwenye tufe zinapanda karibu sawasawa, sentimita kwa sentimita. Kwenye mbio fupi, kila kipande kidogo cha sekunde kina uzito mkubwa, na kadiri mtu anavyokuwa mwepesi ndivyo kinavyozidi kulipa. Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa, nikaenda kugeuza sambusa.

Tatizo lilikuwa la kupimia. Mwalimu alitegemea utepe mrefu wa shule, lakini aliyeshika funguo za kabati alikuwa ameenda harusini Bugarama. Mume wangu akajitolea kwa ukarimu ulionishangaza. Yeye ni fundi, kupima ndiyo kazi yake, tunahangaika nini? Akachukua kamba yangu ya kuanikia nguo, akailaza kwenye sakafu ya chumba cha mbele, akaipima kwa futi yake, ule utepe wa mafundi wa mita moja na nusu. Kila futi ilipokwisha alipiga fundo, akaanza tena. Mafundo kumi, mita kumi na tano. Kwa kamba hiyo tungepima mbio zake na kwa kamba hiyo hiyo tungepima tufe langu.

"Kamba moja kwa bote," akasema. "Haki sawa."

Hata mimi, ambaye humshuku anaponisifia chai, sikuona pa kuingilia.

Jumapili uwanja wa mtaa ulijaa. Sikujua kwamba watu wengi hivyo wanajali nani anakaa kwenye chumba chetu cha mbele. Mume wangu alitangulia. Alikuwa amevaa bukta ya mpira juu ya suruali ya mazoezi, na kanzu yake ameiweka vizuri begani mwa rafiki, kama anayekwenda kuoga. Ilibidi tungoje kwanza, kwa sababu ndege ilikuwa inashuka Kamembe na hakuna ambaye angesikia filimbi. Yeye akabaki ameinama pale kwenye mstari, makalio juu, hadi ndege ikatua. Hakutaka kuinuka. Alisema joto litamtoka.

Kisha filimbi ikalia, na lazima niseme haki: alikimbia. Ni jambo la kuchekesha kumwona mtu mzima anakimbia peke yake, hakuna anayemkimbiza wala anayemkimbia, lakini nilicheka hatua chache tu za mwanzo. Baada ya hapo nilimwona yule kijana aliyenioa. Nilichukia jinsi alivyokuwa mzuri. Simu ya Mwalimu ilisema sekunde kumi na tatu kamili, na mume wangu akaenda kuangukia watu, akashangiliwa.

Mimi nilivaa gauni langu refu, suruali chini yake, kilemba nimekikaza hadi nyusi zikapanda. Nilikuwa na mitupo mitatu. Tufe la kwanza liliteleza, likaangukia karibu na viatu vya Mwalimu. La pili wanawake wakaacha kucheka. La tatu nililirusha na "ananisaidia-saidia" ikiwa ndani yake. Nilijua kabla halijatua. Walipima kwa kamba, wakapima tena: mita tisa.

Mwalimu akainamia simu. Watu wakainamia Mwalimu.

"Mzee, mia ine makumi sita na munane," akatangaza. "Maman, mia ine makumi sita na ine."

Pointi nne. Uwanja ukalipuka. Nilimvuta Mwalimu shati, nikamuuliza pointi nne ni kitu gani kwa tufe. Akasema ni kama sentimita sita. Sentimita sita! Andazi langu ni pana kuliko hapo. Mume wangu akaja, akanipigapiga begani mbele ya watu wote.

"Umejaribu, Mama batoto."

Zamani nilikuwa nasaidia, sasa nikawa pia nimejaribu.

Wiki iliyofuata sitaki kuikumbuka lakini naikumbuka. Aliandika 468 kwa chaki ya fundi juu ya mlango wa chumba cha mbele, tarakimu kubwa, za kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Wateja waliuliza kama ni namba ya nyumba. Ndilo swali alilokuwa analingoja. Hadithi ya mwizi ilipata mdogo wake, na zote mbili zilisimuliwa kwa mpigo mmoja, huku nikisikia kila neno kupitia ukuta. Nilikuwa na uchungu, sifichi. Sukari katika chai yake ilipungua bila maelezo.

Mwishowe nikajiambia maji yakimwagika hayazoleki. Kama nitazeeka huku nyuma, angalau nipate rafu ya kupangia mikate. Mume wangu alipokwenda kusali, niliichukua futi yake nikapime ukuta. Niliweka ncha kwenye kona, nikainama kusoma, nikaona ajabu. Futi ile haikuwa na moja. Haikuwa na mbili. Ilianzia kwenye tatu.

Nilielewa mara moja, kwa sababu sikuolewa na fundi jana. Ncha ya futi ikichakaa, kile kibati kinadondoka na uzi unaanza kunyofoka. Fundi anachukua mkasi, anaikata kama mtu anayekata kucha. Hapotezi kitu. Anapopima kiuno anaanzia pale kwenye tatu, na mwisho anatoa tatu kichwani, mkono umeshazoea. Nusu ya mafundi wa Kamembe wanapima hivyo, na nguo zinawatosha watu. Lakini fundi hapimi kitu kirefu kuliko binadamu. Siku aliyolaza futi juu ya kamba, ncha kwa ncha, mara kumi, ule mkono uliozoea haukuwa na la kufanya. Kila fundo alilolihesabu kuwa mita moja na nusu lilipungukiwa sentimita tatu.

Nilicheka hadi nikakaa juu ya gunia la unga. Bingwa wa Kamembe hakuwa amekimbia mita mia. Alikimbia tisini na nane.

Kushinda hata sikukufikiria. Tufe langu nalo lilipimwa kwa kamba ile ile, kwa hiyo sote wawili tulikuwa tumejizidishia mbili kwa mia, haki sawa kama alivyosema. Nilimpelekea Mwalimu habari hiyo kama kichekesho tu, anisaidie kupata maneno mazuri ya kumfutisha mume wangu ile chaki.

Mwalimu hakucheka. Aliweka andazi chini, jambo ambalo sijamwona akilifanya kabla wala baada.

"Maman, ngoja."

Akapiga hesabu kwenye simu, akarudia. Mita mbili zilizokosekana, mume wangu akiongezewa, muda wake unafika sekunde kumi na tatu na robo hivi. Pointi zake zinashuka hadi mia nne ishirini na tano. Tufe langu ni mita nane na sentimita themanini na mbili. Pointi zangu ni mia nne hamsini na tatu.

"Lakini kosa ni moja!" nikasema. "Tumekatwa sawa."

"Mumekatwa sawa ku kamba, Maman. Ku pointi hapana. Nilikuambia: ku mbio, kadogo kanalipa sana. Kwa hiyo kakiondoka, kanaondoka na mingi. Mzee amepoteza karibu makumi ine na tatu. Weye kumi na moja tu."

Mikono yangu ilikuwa na unga. Nilipaswa kungoja jioni, mume wangu ale kwanza, kama mke mwenye hekima. Mimi si wa kungoja. Nilimkuta kwenye chumba cha mbele na mteja aliyefuata suruali. Nikailaza futi mezani.

"Soma ncha."

Aliichukua, akaisogeza mbali hadi mkono ukanyooka wote, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango, akairudisha mezani. "Imekatwa tatu," akasema. "Najua. Si miye niliikata?" Kisha akaweka kidole juu ya ile tatu. Nilimwona anapima tena ile kamba kichwani mwake, fundo kwa fundo, na nikaona alipofika kwenye fundo la mwisho. Mwalimu, aliyenifuata, akasoma hesabu mpya kwa sauti ya chini, kama mtu anayeleta habari za msiba.

Mteja akauliza: "Kwa hiyo muke njo alishinda?"

Nilikuwa nimeandaa majibu matatu makali kwa mabishano yatakayotokea. Yote yaliharibika mdomoni. Mume wangu alilowesha kitambaa, akapanda juu ya kiti, akaifuta ile 468.

"Neno ni neno," akasema. "Chumba ni yako."

Kabla ya alasiri yeye na Mwalimu walikuwa wameshaishusha cherehani kwa ile ngazi ya kwenda uani, kuipeleka nyuma.

Nilifurahi. Nisiseme uongo wa kike hapa, kwamba nilimhurumia. Nilifurahi kwa kelele. Nilinunua kabati la kioo. Asubuhi ya kwanza madereva wa moto walisimama bila kuzima injini, wakanyoosha mikono. Wanawake wanaokwenda sokoni wakasimama, wanaotoka sokoni wakasimama. Jua halijakaa sawa na sambusa zimeisha. Mtu mmoja mgeni akaniuliza butiki hii ni ya nani. Nikamjibu, "Yangu," kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mgeni akarudi nyuma kidogo.

Mume wangu hakulalamika. Hilo lingenitosha kujua kwamba kuna jambo, lakini nilikuwa nahesabu mayai. Aliacha kusimulia mwizi. Wateja wake walipita dukani kwangu, wakaingia nyuma, wakatoka. Hadi siku moja mama mmoja kutoka Bugarama, aliyekuwa anashonesha gauni la bibi harusi, alipotoka kule nyuma na uso uliokunjamana. Alilitandika gauni juu ya kabati langu.

"Dada, angalia. Mushono imeenda kutembea."

Ni kweli. Mshono ulianza vizuri begani, ukafika ubavuni ukapinda, ukarudi, ukapinda tena. Mimi si mtu wa kumsifu mume wangu ovyo, lakini tangu anioe hajawahi kushona mshono unaotembea. Niliacha duka wazi, nikaenda nyuma.

Hakuwa chumbani. Alikuwa ameivuta cherehani hadi uani, katikati ya mabeseni, mahali penye jua. Alikuwa ameinama, uso karibu kabisa na sindano, nikadhani amesinzia. Nikasogea. Uzi ulikuwa katika vidole vyake, anaupeleka kwenye tundu la sindano, unapita pembeni. Anaulamba, anaupeleka tena, unapita upande wa pili. Sijui nilisimama muda gani. Ni mtu ambaye zamani alitunga uzi huku akimtazama mteja usoni.

"Papa batoto."

Alishtuka kama aliyefumaniwa.

"Ni macho?"

"Kitambo," akasema. Hakuniangalia. "Kule mbele, ku dirisha, nilikuwa naona. Asubuhi jua inaingia moja kwa moja. Huku..." Akanionyesha ukuta wa jirani, kana kwamba mimi sikuwa nimeutazama ukuta ule kwa miaka.

Hapo nikapandwa na hasira, na jirani anayefua akapata kazi yake. "Juu ya nini hukusema? Umekimbia mbele ya muji muzima, umekaa makalio juu unangojea ndege, kumbe ni macho? Kama ungesema, ile chumba singeitaja tena!"

"Njo maana sikusema. Ungenipa." Akauviringisha ule uzi kidoleni. "Sikutaka kupewa. Nilitaka kushinda."

Nilikaa juu ya beseni lililopinduliwa. Kwa sababu mimi sikutaka kamwe kukishinda kile chumba. Nilitaka siku moja anyanyuke mwenyewe, aseme: chukua, kazi yako inastahili barabara. Nilitaka kupewa, nikashinda. Yeye alitaka kushinda, na sasa nilichokuwa nacho ni cha kumpa tu. Mwalimu ana hesabu ya kugeuza sekunde kuwa pointi na mita kuwa pointi. Ya kugeuza hili kuwa lile hana, nilishamuuliza.

Nikamwambia cherehani inarudi dirishani leo hii. Akakataa. Neno ni neno, mji mzima umesikia, hawezi kupokea sadaka kwa mkewe. Nikamwambia si sadaka: chumba ni changu, na katika chumba changu naweka ninachotaka pale ninapotaka, kabati mlangoni, cherehani dirishani. Akasema fahali wawili hawakai zizi moja. Nikamwambia asijipe ufahali. Akasema unga utachafua nguo za harusi. Nikasema basi atafute na miwani, zipo sokoni, zimepangwa chini kama viazi.

Hapo ndipo alipochukia hasa. Akanyanyuka.

"Miwani ni ya bazee! Miye ni muntu wa mbio. Miye nimekimbia mita mia kwa..."

"Tisini na nane," nikamwambia.

Kidole chake kilibaki juu. Nilidhani ataondoka. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, bega likafuata, na kicheko kikamtoka ambacho sikuwa nimekisikia tangu ahamie kule nyuma. Alicheka hadi akayafuta macho yale yale kwa ncha ya kitambaa cha bibi harusi. Nami nikacheka, kisha nikalia kidogo, na hakuona au alifanya kama hakuona.

Aliinama, akaishika cherehani upande mmoja.

"Shika kule," akasema. "Utangulie weye. Ile ngazi, siioni."

Nikashika, nikatangulia.